Mnara wa Kisiwani: Uchunguzi wa Gharama na Mipango ya Kampuni za Simu Vijijini

Uchunguzi wa gharama, kwa maana ya wanauchumi wa mawasiliano, ni kazi ya kuzichambua gharama zote za kampuni ya simu na kuibebesha kila huduma, na kila mahali, sehemu ya gharama inayotokana nayo. Nchini Marekani kampuni ndogo za simu za vijijini zimeifanya kazi hii kwa miongo mingi, kwa kuwa mgao wao wa mapato ya simu za masafa marefu, unaopitia chama chao cha NECA kilichoundwa mwaka 1983, hutegemea hesabu hizo. Nchini Kenya uchunguzi wa namna hii ulijulikana zaidi kama chombo cha mdhibiti, ndiyo maana kampuni nyingi huuona kuwa mtihani wa kufaulu mbele ya serikali, si dira ya kupangia biashara, na mtazamo huo ndio unaogharimu visiwa vya Ziwa Victoria.

Takawiri, kisiwa kidogo cha wavuvi katika Kaunti ya Homa Bay, karibu na Mfangano, hudhihirisha jambo hili vizuri. Mnara unaohudumia kisiwa kama hicho huhitaji umeme wake wenyewe, ama wa jua na betri ama wa jenereta inayoletewa dizeli kwa boti. Huhitaji mlinzi, na fundi ambaye safari yake hutegemea hali ya ziwa. Tena kiungo cha mawimbi ya redio kinachovuka maji huweza kulazimu antena ya ziada, kwa sababu uso wa ziwa huyaakisi mawimbi na kuyavuruga. Karibu gharama hizi zote ni gharama za kudumu, yaani zile zisizopungua hata kama hakuna anayepiga simu, kwa hiyo kampuni inayozigawa kwa idadi ya dakika zilizozungumzwa na kuuita wastani huo bei ya huduma, itakihukumu kisiwa kwa kipimo kisichokihusu. Gumu zaidi ni gharama za pamoja, zile zinazohudumia zaidi ya mahali pamoja: kiungo kinachotua Takawiri kikiendelea hadi kisiwa kingine, kisha gharama yake yote ikaandikwa kwa Takawiri, kisiwa hicho kitaonekana cha hasara na jirani yake cha faida, ilhali aliyeumba tofauti hiyo ni mhasibu.

Upande wa mapato nao una kanuni zake. Omena, dagaa wa ziwa hilo, huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi, na uvuvi wake hufungwa kwa miezi kadhaa kuanzia Aprili, huku wavuvi wenyewe wakihama ufuo hadi ufuo kufuata samaki; kwa hiyo hesabu ya watu waliokutwa kisiwani siku ya sensa haitoshi kukadiria wateja, na mpango wa fedha unaogawa mapato ya mwaka kwa kumi na mbili utakwama katika miezi ya ukata.

Hata hivyo, pato linalosahaulika zaidi ni la simu zinazoingia. Kampuni inayopokea simu kutoka mtandao mwingine hulipwa ada ya kuunganisha, ambayo mdhibiti huipanga kwa kukadiria gharama nyongeza za muda mrefu, yaani gharama ambazo zisingekuwapo kama huduma hiyo isingetolewa. Ada hiyo ilishushwa kutoka shilingi 4.42 kwa dakika hadi 2.21 mwaka 2010, ikafika senti 99 mwaka 2014 na senti 41 mwaka 2024. Kwa mteja wa mjini punguzo hilo lilikuwa neema, kwani lilishusha bei za kupiga simu nje ya mtandao. Lakini ada hiyo ni moja kwa nchi nzima, nayo hukadiriwa kwa gharama za mtandao mzima ambao dakika zake nyingi ni za mijini, kwa hiyo mahali panapopigiwa zaidi ya panavyopiga hupoteza pato, na gharama ya dizeli haishuki.

Pengo hilo ndilo linalopaswa kuzibwa na Hazina ya Huduma kwa Wote, ambayo kampuni zenye leseni huichangia asilimia 0.5 ya mapato yao. Utafiti wa mdhibiti, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, wa mwaka 2016 ulibaini kata ndogo 164 zisizo na mtandao kabisa. Ruzuku ya kujenga mnara, hata hivyo, hutatua gharama za mtaji tu, nazo za uendeshaji hubaki mwaka baada ya mwaka. Mzabuni aliyeomba ruzuku ndogo bila kuzihesabu atashinda zabuni, kisha mnara utazimika betri zikichakaa. Mamlaka na iwatake wazabuni wawasilishe hesabu za gharama za kila mnara kwa miaka yote ya mkataba, wakionyesha walivyogawa gharama za pamoja na simu zinazoingia walizozihesabu, kabla ya shilingi yoyote ya Hazina kutolewa.