Kishikwambi Kimoja na Watoto Sabini

Kama mko katika kikundi, mwenye macho mazuri na awasomee wenzake. Mkifika penye swali, simameni kidogo mzungumze, kwani somo hili halikuandikwa lipate kumezwa kwa pumzi moja.

Somo la leo limetokana na barua. Mwalimu mmoja wa huku kwetu Makole, katika mji wa Dodoma, ameniandikia habari ya kishikwambi chake. Wengi wenu mwaikumbuka Sensa ya tarehe 23 Agosti, 2022: makarani hawakupita na makaratasi kama zamani, bali walipita na vishikwambi, wakiuliza na kubonyeza. Sensa ilipokwisha, vishikwambi vile viligawiwa walimu, na mwalimu wetu akapata chake. Ana watoto 70 wa Darasa la Tano. Akawatafutia filamu za masomo, akakisimamisha kishikwambi juu ya meza, naye akaketi pembeni. Siku ya kwanza watoto walishangilia hata mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Juma la tatu, asema, waliokaa nyuma walikuwa wakisinzia, na waliokaa mbele wakichorana migongoni. Sasa aniuliza, je, naweza kumtajia filamu nyingine zilizo bora zaidi?

Mwalimu, huenda jibu langu lisikupendeze. Filamu nzuri zipo, nazo zina kazi yake. Ubongo Kids, mathalani, kipindi cha katuni kilichoanza hapa Tanzania mwaka 2014, hufundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na mimi mwenyewe nimekitazama nikacheka. Lakini kioo cha kishikwambi hakizidi ukubwa wa daftari. Watoto kumi wakiona picha, sitini wanaona visogo vya wenzao. Hata kama kioo kingekuwa kikubwa kama ukuta, mtoto atazamaye tu huchoka, kama vile wewe na mimi tuchokavyo katika mkutano ambao hatuulizwi neno. Basi usitafute filamu nyingine. Wape watoto wako kazi ya kutengeneza yao.

Fikira hii si mpya, wala si yangu. Bwana Seymour Papert, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1928, alikuwa mmoja wa waliotunga Logo mwaka 1967, lugha ya kuiamuru kompyuta iliyokusudiwa watoto. Yeye alishikilia kwamba tumelishika jambo kichwa chini miguu juu: twaiacha kompyuta imwongoze mtoto, ilhali yafaa mtoto ndiye aiongoze kompyuta. Mwaka 2007 Bwana Mitchel Resnick na wenzake, huko Marekani, walitoa programu iitwayo Scratch. Mtoto huunganisha vipande vya amri kama mwashi apangavyo matofali, hata picha ikatembea na kusema. Tena yapatikana kwa Kiswahili. Shule yenye kompyuta na iitumie. Lakini leo nasema na mwalimu mwenye kishikwambi kimoja, au simu yake mwenyewe tu, kwani hao ndio wengi wetu.

Na sisi tulilijua jambo hili kabla ya vishikwambi. Waulizeni wazee habari ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakaisikiliza redio, na kijitabu mbele yao. Kipindi kilipokwisha hawakutawanyika. Walizungumza, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Kama kingeishia masikioni, nani leo angekikumbuka?

Sasa niwaeleze kazi niliyoifanya na Darasa la Sita katika shule moja, pamoja na makosa yangu, maana makosa hayo yalinifunza kuliko stashahada yangu ya chuo kikuu. Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza kipindi cha sauti cha dakika tano juu ya asili ya jina la Dodoma. Nilichagua sauti, wala si video, kwa sababu ya uhaba. Sauti ya dakika moja, kwa kipimo cha kawaida, huchukua karibu MB 1. Video huchukua mara nyingi zaidi, na simu hujaa upesi. Tena mtoto mwenye haya husema vizuri zaidi akijua uso wake hauonekani.

Watoto walikuwa 56. Tukafanya vikundi 8, kila kimoja watoto 7, na kila mtoto na kazi yake: wawili wa kuuliza, mmoja wa kushika simu, mmoja wa kusikiliza kama pana kelele, mmoja wa kuandika, mmoja wa kuangalia saa, na wa saba wa kumwamkia mwenyeji na kurudi kumpa shukrani kazi ikiisha. Kila safari kazi zilibadilishwa. Usipofanya hivyo, mwalimu, mvulana mwenye mabavu ataishika simu tangu Januari mpaka Juni.

Siku mbili za kwanza simu ilikaa mfukoni mwangu. Watoto waliandika maswali kwenye karatasi, na swali lolote liwezalo kujibiwa “ndiyo” au “siyo” tulilikata. Huu ndio muda wa thamani. Wengi huukimbia kwa sababu haung'ai.

Kikundi kimoja kilikwenda kwa mzee mmoja, babu wa mtoto wa darasa lile. Wakamwamkia kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” naye akafurahi, akawaeleza habari ya tembo aliyekwenda kunywa maji akazama topeni, watu wakasema idodomya, yaani amezama. Kikundi cha pili kikarudi na habari nyingine kabisa: kwamba Wagogo walichukua ng'ombe wa Wahehe wakawala, kisha wakaichomeka mikia topeni, na wenye mali walipofika, wakaambiwa, tazameni, ng'ombe wenu wamezama. (Wahehe mlio katika vikundi vyetu, msinune, nanyi mna yenu ya kutueleza.)

Hapo darasa likawaka moto. Ipi ndiyo ya kweli? Nusura mimi niseme, kwani ualimu una ugonjwa huo, nikajizuia. Wengine wakataka ya tembo kwa sababu ni nzuri, wengine ya ng'ombe kwa sababu inachekesha. Kisha mtoto mmoja wa kike, ambaye tangu muhula uanze sikupata kuisikia sauti yake isipokuwa kwa kuitikia jina, akasema kwamba hadithi hizi zapingana juu ya mnyama, lakini zote mbili zina tope. Basi yawezekana hapa palikuwa na tope. Nilikuwa nimekusudia kufundisha kupima ushahidi kwa ubao na chaki kwa muda wa majuma mawili. Nikaifunga ile karatasi yangu ya maandalio. Katika kipindi chao waliziweka hadithi zote mbili, na maneno ya yule mtoto wakayaweka mwisho, kwa sauti yake mwenyewe.

Zungumzeni hapa katika kikundi: kwenu kuna mahali gani penye hadithi mbili za jina lake?

Basi, makosa. La kwanza ni upepo. Mwajua upepo wetu wa miezi ya Julai na Agosti. Sauti za vikundi vitatu zilirudi zikiwa upepo mtupu, kama mtu avutaye gunia juu ya mchanga. Dawa yake ni rahisi: kaeni nyuma ya ukuta au ndani ya nyumba, funikeni kinasa sauti kwa kitambaa chepesi, simu iwe mbali na mdomo kiasi cha shibiri moja. Na chini ya bati wakati wa mvua msijaribu kabisa.

Kosa la pili ni langu peke yangu. Simu ilijaa. Nikafuta mafaili usiku, macho yamechoka, na sauti ya yule mzee wa tembo ikaenda pamoja na takataka. Kilichobaki ni kile kipande kifupi walichokwisha kukikata watoto kwa ajili ya kipindi. Nikajisemea, si neno, watarudi kwake. Mitihani ikatukawiza, mvua za Desemba zikaanza, na mzee akafariki. Baada ya matanga mjukuu wake alikuja ofisini akaniuliza kama naweza kumpa mazungumzo yote, wapate kuyasikiliza nyumbani. Mzee alizungumza nao karibu saa nzima siku ile, habari za njaa za zamani na za ndugu zake. Nilimpa kipande cha dakika moja na nusu.

Kwa hiyo nawaambia walimu wote: siku ile ile, kabla jua halijatua, nakilini kazi mahali pawili, kwenye kadi ya kumbukumbu na kwenye simu ya mwalimu mwingine. Hamhitaji intaneti wala fedha ya bando, Bluetooth yatosha. Tena mwenye sauti, au jamaa zake, wapewe nakala yao kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wale wanaopenda picha, nao wana njia. Chukueni kopo lenye udongo, pandeni mbegu za mtama. Kila siku saa mbili asubuhi mtoto mmoja apige picha moja, simu ikiwa juu ya tofali lile lile, na mahali pa tofali pamechorwa kwa chaki. Kabla ya hapo kila mtoto achore katika daftari anavyodhani mbegu itaanza, mzizi kwanza au jani kwanza, naye asifute. Baada ya siku 15 mna picha 15. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde moja, lakini darasani 5 zatosha. Basi filamu yenu ni ya sekunde 3. Msicheke. Wataitazama mara ishirini, kwa sababu ni yao, na kila mmoja anatafuta picha aliyoipiga yeye. Kisha waulizeni, filamu ya sekunde 20 ingetaka picha ngapi, na siku ngapi? Hiyo nayo ni hesabu, wala hakuna aliyeomba ruhusa ya kwenda nje.

Najua yatakayosemwa. Mwalimu Mkuu atasema watoto watavunja chombo cha Serikali. Nitamjibu kwa habari ya mkoa wa Tanga. Huko, katika shindano la Global Learning XPRIZE lililomalizika mwaka 2019, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi kwa miezi 15. Wengi wao hawakupata kwenda shule. Mwanzoni zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni hesabu hiyo ilipungua kwa nusu. Hawakuwa na mwalimu wa kuwasimamia, sembuse wako wenye mwalimu.

Mzazi naye atasema mtoto achezea simu na mtihani u karibu. Hofu hiyo siidharau, maana mzazi ameuza zabibu au mbuzi alipe sare na daftari. Mzazi aitwe shuleni, asikilize kipindi alichokitengeneza mwanawe, kisha amwulize mtoto maswali mbele yetu. Kama mtoto hawezi kueleza alichojifunza, mzazi ana haki, na kazi ile ilikuwa mchezo.

Kuna na jambo la akili mnemba, hizi programu za kuandika hadithi na kuchora picha kwa kuamriwa tu. Sizikatazi kwa mwalimu atayarishaye somo. Lakini kwa mtoto wa Darasa la Tano, mimi nangoja kwanza. Nina desturi ya kumwuliza kila mtoto, “Kwa nini umefanya hivi, hukufanya vile?” Ikiwa mashine ndiyo iliyotunga, swali langu halina wa kulijibu.

Na tahadhari moja ya sheria. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtoto, jina lake na sauti yake si mali ya mwalimu. Ombeni ruhusa ya wazazi kwa maandishi. Msitume kazi za watoto katika makundi ya simu kwa kujivunia, hata kama ni nzuri namna gani. Zisikilizwe shuleni na nyumbani.

Kazi yenu ya juma hili ni ndogo. Kila kikundi kimchague mtu mmoja mwenye habari: fundi wa zeze, mkulima wa zabibu, mama muuza mtama sokoni, mstaafu wa reli. Andikeni maswali sita. Simu isiguswe kwanza. Yasomeni maswali kwa sauti, na mkate yale yajibiwayo “ndiyo” au “siyo”. Yakibaki mawili tu, anzeni tena.

Somo lijalo nitaeleza jinsi ya kukata na kuunganisha vipande vya sauti kwa programu ya Audacity, itolewayo bure, na kwa wasio na kompyuta, jinsi ya kunasa tangu mwanzo kwa mpango hata kusiwe na la kukata. Mwalimu uliyeniandikia, nitafurahi kusikia habari za wale wa safu ya nyuma. Kwaherini.