Utunzaji wa Plastiki Nyeusi za Magari ya Chama

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na madereva wa vyama vya msingi)



Mada ya leo yaweza kuonekana ndogo mbele ya mambo mazito ya mizani, pembejeo na malipo ya wakulima. Inahusu bampa, madigadi, kanda za milango na vifuniko vya vioo vya pembeni, yaani zile sehemu nyeusi za plastiki zilizoizunguka pikapu ya chama. Gari linapoletwa jipya, sehemu hizo ni nyeusi kama makaa. Baada ya misimu michache hugeuka kijivu, kisha huwa na weupe kama zimepakwa majivu. Hapo ndipo maneno huanza: wanachama husema gari limechoka, dalali hushusha bei, na kamati huombwa fedha za vifaa vipya. Aghalabu fedha hizo hutumika pasipo haja.

Yafaa kwanza kuelewa chanzo cha weupe huo, kwa maana tiba isiyojua ugonjwa ni bahati nasibu.

Hapo zamani bampa zilikuwa za chuma. Plastiki ilipata nafasi yake kidogo kidogo. Mwaka 1972 kampuni ya Renault ya Ufaransa ilitoa gari dogo, Renault 5, lililokuwa na bampa za plastiki mbele na nyuma. Leo bampa nyingi hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polipropilini, ambayo mwanakemia Giulio Natta aliifanyia kazi mjini Milan mwaka 1954. Mwaka 1963 yeye na Karl Ziegler wa Ujerumani walitunukiwa Nishani ya Nobel ya kemia. Plastiki hiyo ni nyepesi, haipati kutu, na ikichanganywa na aina ya mpira hupinda kabla ya kuvunjika.

Lakini ina adui mmoja, nalo ni jua. Ndani ya mwanga wa jua imo mionzi isiyoonekana kwa macho, iitwayo mionzi ya urujuanimno. Mionzi hiyo, ikisaidiana na hewa, hukata nyuzi ndefu sana ambazo ndizo mwili wa plastiki. Watengenezaji hutia masizi laini ya kaboni, yale yale yanayofanya matairi kuwa meusi, ili yaimeze mionzi hiyo, pamoja na dawa nyingine za kinga. Kinga hiyo huchelewesha madhara, haiyazuii milele. Ngozi ya juu hulika, hupata nyufa ndogo mno, na unga wa madini uliochanganywa ndani huanza kujitokeza. Mwanga ukipiga juu ya ngozi hiyo yenye mikwaruzo hutawanyika ovyo, na jicho huona kijivu. Hivyo basi, weusi haukuondoka wote. Umefunikwa na ngozi iliyokufa.

Vyama vya nyanda za juu vina sababu zaidi ya kujihadhari. Kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari, nguvu ya mionzi hiyo huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10. Ubaridi wa mlimani humdanganya dereva akadhani jua ni pole, kumbe plastiki ya gari lake inaungua kuliko ya gari la pwani.

Ufuatao ni mfano wa kubuni, lakini makatibu wengi watautambua.

Chama kimoja cha wakulima wa kahawa kilikuwa na pikapu ya miaka tisa. Injini yake ilikuwa nzima, ila bampa na madigadi vilikuwa vimepauka. Kila siku ya ununuzi dereva aliamka alfajiri akapaka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Hadi saa tatu gari liling'aa. Kufikia saa sita vumbi la barabara lilikuwa limeganda juu ya oili, na jioni kila aliyeegemea gari alirudi nyumbani na doa. Kamati ilipoamua kuliuza gari, dalali alilizunguka mara moja, akasema limezeeka, akataja bei ya chini. Mjumbe mmoja akapendekeza zinunuliwe bampa mpya, madigadi mapya na kanda zote za milango kabla ya kuuza.

Katika wanachama alikuwamo mzee aliyewahi kufanya kazi ya ufundi wa magari. Aliomba aonyeshwe gari.

"Mwanangu," alimwambia dereva, "unapaka nini hapa?"

"Oili, Mzee. Ndiyo inayorudisha weusi."

"Hairudishi. Inaufunika mchana mmoja tu. Tena oili iliyotumika ina sumu inayoingia kwenye ngozi ya mikono yako. Niletee maji, sabuni na brashi laini."

Mzee hakuanza kuosha. Alijilaza chini, akatazama upande wa ndani wa bampa, akasoma herufi zilizochongwa humo. Kisha akapitisha kidole kwenye mahali bampa ilipofungwa kwa boliti, akamwita katibu.

"Ndugu Katibu, sehemu hizi zote ni nzima isipokuwa hii. Kona ya kushoto ina ufa mpaka kwenye tundu la boliti. Hakuna dawa ya kupaka itakayouponya. Nunueni bampa moja tu, nyingine zioshwe."

Katika maneno hayo machache yamo mambo yote muhimu ya mada hii, na yafaa yafafanuliwe moja moja.

Jambo la kwanza ni kuchunguza. Upande wa ndani wa sehemu nyingi za plastiki huwa na alama kati ya mishale miwili. Herufi PP zaonyesha polipropilini. PP+EPDM zaonyesha polipropilini iliyochanganywa na mpira. TD20 huonyesha kuwa humo mna unga laini wa ulanga kwa asilimia 20. Herufi ABS ni plastiki ya namna nyingine, inayoharibiwa upesi na thina. Baada ya kusoma alama, bonyeza sehemu hiyo kwa kidole gumba. Ikipinda na kurudi, ni nzima na inatengenezeka. Ikilia na kuonyesha nyufa, au vishikizo vyake vikiwa vimekatika, hiyo haihitaji kupakwa bali kubadilishwa, kwa sababu bampa iliyolegea yaweza kuanguka barabarani ikamdhuru mwendesha baiskeli.

Jambo la pili ni kuosha, na hapo ndipo watu wengi hukosea kwa haraka. Gari liwekwe kivulini, plastiki ipoe kabisa. Isuguliwe kwa maji, sabuni na brashi yenye nywele laini, ili uchafu utoke ndani ya vijitundu. Mabaki meupe ya nta iliyopakwa kwenye rangi ya gari lazima yatoke yote. Isuuzwe, ikaushwe, kisha ipanguswe kwa kitambaa safi chenye spiriti iliyochanganywa na maji, ili mafuta ya zamani yaondoke. Petroli, mafuta ya taa na thina visitumike: vyaweza kudhuru plastiki na rangi, na petroli ni moto unaongoja cheche. Mara nyingine, baada ya kuosha hivi, kamati hugundua kuwa nusu ya weupe ilikuwa ni uchafu tu.

Jambo la tatu ni kuchagua dawa kwa kadiri ya kazi. Dawa ziko za namna tatu. Ya kwanza ni ya mafuta au silikoni, ambayo hubaki na unyevu juu ya plastiki. Ni rahisi kupaka, lakini mvua na kuosha huiondoa, na aghalabu hudumu kwa wiki chache. Ya pili ni ile inayokauka na kuwa ngumu kama ngozi nyembamba. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini ikipakwa juu ya plastiki safi huhesabiwa kwa miezi. Ya tatu ni rangi. Rangi yaweza kudumu miaka, lakini polipropilini kwa asili yake haishiki rangi. Fundi asipopiga msasa mwepesi na kupaka kwanza praima maalumu ya plastiki, rangi itabanduka vipande vipande, na gari litaonekana baya kuliko awali.

Dawa yoyote ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana. Kingo za rangi ya gari zifunikwe kwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi. Dawa ichukuliwe kidogo kwa sifongo, ipakwe nyembamba na sawasawa, isubiriwe kama kibandiko kinavyoagiza, kisha ziada ifutwe. Mipako miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mzito. Gari lisipelekwe mvuani wala vumbini kabla dawa haijakauka. Dawa za kung'arisha zisipakwe kamwe kwenye pedali, usukani, au sehemu ya tairi inayogusa barabara, kwa kuwa utelezi wake ni hatari.

Ipo pia njia ya moto, inayosifiwa sana na vijana wa gereji. Hewa ya moto kutoka kwenye kipulizo cha umeme hupitishwa juu ya plastiki. Ngozi iliyolika hulainika, hujifunga upya, na weusi hurudi mbele ya macho. Jambo hilo ni kweli, lakini lina mipaka. Polipropilini huyeyuka kwenye joto la kadiri ya digrii 160 za Selsiasi, na kipulizo hupita kiwango hicho kwa urahisi. Mkono ukisimama kitambo kidogo, plastiki hupinda au hupoteza nakshi yake, na rangi iliyo jirani hutoa malengelenge. Tena moto haurudishi zile dawa za kinga zilizokwisha liwa na jua. Plastiki isipopakwa kinga nyingine hupauka tena. Basi njia hiyo aachiwe fundi mzoefu, mbali na tangi la mafuta, na kwa vyovyote isijaribiwe kwa makaa wala kwa mwale wa moto.

Jambo la nne ndilo rahisi kuliko yote, nalo ni kivuli. Gari linalolala chini ya banda la ghala, au linaloegeshwa upande wa ukuta usiopigwa na jua la mchana, litadumisha weusi wake kuliko lile linalopakwa dawa kila mwezi na kuachwa juani. Kivuli hakinunuliwi dukani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la tano lawahusu makatibu hasa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kupaka, dawa iliyotumika, kiasi chake na jina la aliyeifanya kazi viandikwe katika daftari la gari, kando ya hesabu ya oili na matairi. Chupa ya dawa iwekwe stoo na kutolewa kwa saini. Ikiwa dawa imepauka mapema kuliko ilivyotarajiwa, daftari litaonyesha, na kamati haitanunua tena dawa hiyo hiyo kwa sababu ya maneno ya mwuzaji.

Limebaki jambo la mwisho, ambalo ni zito kuliko bampa.

Katika mfano uliotolewa, plastiki ziliposafishwa na kupakwa, gari lilibadilika. Bampa mpya ilikuwa bado haijafika mjini. Siku hiyo wakaja wanunuzi, nao walikuwa wajumbe wa chama kingine cha msingi. Dawa ilikuwa imeufunika ufa wa kona ya kushoto kiasi kwamba jicho lisingeuona. Mjumbe mmoja alimnong'oneza katibu anyamaze. Katibu aliwapeleka wageni mpaka kwenye kona ile, akachuchumaa, akawaonyesha ufa kwa kidole, akawaeleza kuwa bampa imekwisha agizwa na gharama yake ni juu ya chama. Wageni walitazamana, wakaomba waonyeshwe daftari la gari, wakalisoma ukurasa kwa ukurasa. Walilinunua kwa bei iliyomzidi dalali, kwa kuwa waliamini kila kilichoandikwa humo.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kutunza na kupamba. Anayetunza husafisha ili aone hali halisi ya mali. Anayepamba hupaka ili mwingine asiione. Dawa ni ile ile na sifongo ni ile ile, ila nia ni mbili. Chama kinachojenga tabia ya kufunika ufa wa bampa kitafunika kesho upungufu wa mizani na keshokutwa upungufu wa leja, na siku mkulima atakapougundua hatakuwa na sababu ya kuleta tena kahawa yake ghalani.

Kwa hiyo, ndugu makatibu, mtakaporejea vyamani, tazameni gari la chama kwa utaratibu: someni alama, bonyezeni kwa kidole, osheni kabla ya kununua, pakeni kidogo, andikeni daftarini, na mliegeshe kivulini. Na pale penye ufa, uonyesheni. Gari hilo limenunuliwa kwa makato ya kilo za wakulima, nao wana haki ya kulijua lilivyo.