Njia Mpya za Ubingwa wa Mionzi: Nassa Itapata Nini?



Kandokando ya Ziwa Victoria kichocho cha tumbo ni adui wa miaka mingi. Mkulima wa pamba au mvuvi wa Nassa anaweza kuishi nacho bila kujua, hadi ini lijae makovu, mishipa ya damu ya koo la chakula ivimbe na kupasuka, naye aanze kutapika damu. Mashine ya altrasaundi huweza kuyaonyesha makovu hayo mapema. Lakini mashine haina ulimi. Picha husemewa na mtu aliyefundishwa kuisoma. Ndiyo maana jinsi taifa linavyomwandaa daktari bingwa wa mionzi si jambo la wasomi wa Muhimbili peke yao. Ni jambo la Nassa pia.

Ni vema kukumbuka nchi ilikotoka. Mwalimu Nyerere alizoea kueleza kwamba wakati wa Uhuru, mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Mwaka 1963 kilianzishwa Chuo cha Uganga Dar es Salaam, na mwaka 1968 kikawa Kitivo cha Uganga cha Chuo Kikuu. Kutoka katika mzizi huo ndipo kilipotokea Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2007. Kanda ya Ziwa nayo ilipata Hospitali ya Bugando mwaka 1971, na mwaka 2003 chuo cha kufundishia madaktari kikaanzishwa hapo hapo Mwanza. Yaani kijana wa Nassa anaweza leo kusomea udaktari katika mji ulio kwenye barabara ile ile inayopita kwao.

Njia ya kufikia ubingwa ni ndefu. Baada ya kidato cha sita kuna miaka 5 ya shahada ya udaktari, kisha mwaka 1 wa kazi hospitalini chini ya usimamizi, ndipo mhusika asajiliwe kikamilifu na Baraza la Madaktari. Wengi hufanya kazi kwanza, halafu hurudi darasani kwa miaka 3 au 4 ya ubingwa. Zamani safari ilikuwa ikiishia hapo. Sasa njia imeongezewa matawi. Tangu mwaka 2018 wataalamu kutoka Marekani walianza kufika Muhimbili kufundisha tiba radiolojia, na baadaye chuo kikaanzisha shahada ya uzamili ya miaka 2 katika fani hiyo. Tiba radiolojia isichanganywe na tiba ya saratani kwa mionzi. Katika fani hii daktari huongozwa na picha anapopitisha sindano au mrija mwembamba mwilini, akatoa usaha, akazibua njia ya mkojo iliyozibwa na uvimbe, au akaziba mshipa unaovuja damu, pasipo upasuaji mkubwa.

Hayo ni maendeleo ya kujivunia. Hata hivyo, kila njia inapogawanyika, msafiri hana budi kuchagua. Daktari anayesomea mionzi huulizwa maswali ambayo waliomtangulia hawakuulizwa. Je, amalize ubingwa arudi mkoani, akasome picha za kila aina, kuanzia mapafu ya mgonjwa wa kifua kikuu hadi mimba ya mama? Au aongeze miaka 2 na kubobea katika fani ambayo zana zake ziko katika hospitali chache kubwa? Akirudi na cheti kipya, je, ikama ya mkoa ina nafasi yake? Muundo wa utumishi unamtambua?

Kati ya mwaka 1977 na 1991 sheria ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara. Katika miaka hiyo Serikali ndiyo iliyokuwa mwajiri mkuu, na njia ya kutoka chuoni hadi kituo cha kazi ilikuwa nyoofu zaidi. Leo mlango uko wazi na soko linaita. Si haki kumlaumu kijana kwa kuitikia wito wa soko ikiwa mwajiri wake wa umma hajamwandalia mashine, chumba wala cheo.

Hapa watumishi wa umma wana wajibu mzito. Ruhusa ya masomo isiwe karatasi ya kutiwa sahihi tu. Kabla daktari hajaondoka, ofisi yake na chuo hawana budi kukubaliana atasomea nini, atarudi wapi na atafanyia kazi vifaa gani. Kadhalika, masharti ya mafunzo yakibadilika wakati mwanafunzi yuko njiani, aelezwe mapema na kwa maandishi. Mtu hawezi kubadilishiwa mto akiwa katikati ya kivuko.

Nassa yenyewe inajua mabadiliko ni nini. Ilikuwa chini ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Simiyu ikawa ndani ya Wilaya ya Busega, na makao makuu ya mkoa yakawa Bariadi. Mipaka ilihama kwa tangazo. Huduma haihami kwa tangazo, huhamishwa na watu waliofundishwa.

Na thamani ya bingwa wa mionzi isihesabiwe kwa picha anazosoma peke yake. Ihesabiwe pia kwa watu anaowafundisha. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe kwa altrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Hakuna taifa litakaloweza kumweka bingwa katika kila kituo cha afya. Lakini bingwa mmoja aliyeko Bariadi anaweza kuwafunza wakunga na matabibu wa vijijini, na kupokea kwa mtandao picha zinazowashinda. Mbobezi wa Muhimbili atapata wagonjwa kwa wakati endapo huku chini yuko mtu aliyeutambua ugonjwa mapema. Ubobezi bila msingi huo ni paa lisilo na nguzo.

Walimu nao wasijione kuwa mbali na jambo hili. Bingwa wa mwaka 2040 yumo leo katika madarasa ya sekondari za Busega. Akikosa fizikia na baiolojia sasa, hakuna mpango wa ubingwa utakaomfikia.

Basi kila njia mpya ya ubingwa ipimwe kwa swali moja: mgonjwa wa Nassa atasomewa picha yake mapema zaidi kuliko jana? Jibu likiwa ndiyo, gharama yake ilipwe bila kusita. Likiwa hapana, mpango urudishwe mezani ukatengenezwe upya.