Tulipanda Njano, Tukaona Nyekundu

(Maelezo ya Kamati ya Fedha kwa wanachama na wageni, jioni ya harambee ya mwaka 2024)

 

Tumepewa dakika chache, na kawaida yetu sisi wahasibu tukipewa nafasi huwa tunaijaza tarakimu. Leo tunakuja na miti. Tarakimu zitafuata, kwa sababu kuna hasara ambayo haijawahi kusomwa mbele yenu, nayo ni haki yenu kuisikia kabla hatujawaomba shilingi nyingine.

Mtakumbuka kwamba masika ya mwaka 2015 tulipanda mikrismasi 120 kandokando ya njia ya kwenda shule ya sekondari. Haikuwa mikrismasi hii iliyozoeleka, yenye ua jekundu. Tulitaka ile adimu, inayochanua njano tupu. Wengi wenu mnaujua mmoja wa aina hiyo, ulio uani kwa Bibi, nyuma ya nyumba za zamani, ambao kila Disemba huwaka kama taa. Tulisema njia ya shule ikiwa na miti ya namna ile, watoto watapata kivuli na mji wetu utapata sura yake. Tuliokota makumba chini ya mti wa Bibi wenyewe, tukatoa mbegu, tukazimwagia maji ya moto na kuziacha zilale usiku kucha ili ganda gumu lilainike, tukazisia kwenye viriba. Hakuna aliyetudanganya wala kutuuzia mbegu za uongo. Kazi yote tuliifanya kwa mikono yetu.

Disemba 2023 tulikwenda kuhesabu. Kati ya miche 120, miti iliyo hai ni 41. Kati ya hiyo 41, iliyokwisha kuchanua ni 17. Na yote 17 imetoa maua mekundu au ya rangi ya chungwa. Wa njano hakuna hata mmoja.

Ndugu wanachama, hapo ndipo tulipopata aibu, kwa sababu sisi ni watu wa Muheza. Ni nani katika ukumbi huu asiyejua kwamba chungwa zuri halipatikani kwa kupanda kokwa? Tangu utotoni tumewaona baba zetu wakiotesha miche ya mlimao, kisha wakaibebesha jicho la mchungwa walioupenda. Ukipanda kokwa, mti utaota, lakini hujui utakupa nini. Ukibebesha, unapata mti uleule uliokata jicho lake. Jambo hilo tunalijua kwa machungwa, tukalisahau kwa maua.

Sababu yake ni nyepesi. Ua la mti wa Bibi ni njano, lakini jirani zake wote ni wekundu. Wadudu na ndege hawaulizi rangi. Huchukua chavua huku na kuipeleka kule. Mbegu inayotoka kwenye kumba la mti wa njano inaweza kuwa na mama wa njano na baba mwekundu, na mtoto akamfuata baba. Rangi isiyo ya kawaida haina uhakika kwenye mbegu. Anayeitaka lazima aichukue kutoka kwenye tawi.

Hata huko kwingine mambo ndiyo hayo. Mkrismasi asili yake ni Madagascar, na kutoka huko umesambazwa katika nchi nyingi zenye joto kwa ajili ya ua lake jekundu. Ule wa njano, ambao wataalamu huuita flavida, ni wachache, na wauza miche wanaotaka kuwa na uhakika wa rangi huuzalisha kwa kubebesha. Mji wa Pretoria, Afrika Kusini, una mijakaranda ya zambarau kwa maelfu, lakini watu hufunga safari kwenda kuiona ile michache myeupe iliyo katika Herbert Baker Street. Mtaa mmoja tu umepata sifa kwa sababu kuna watu waliochagua, wakapanda na kuitunza.

Sasa tusome hesabu ya mwaka 2015. Mradi ule ulitumia shilingi 1,900,000. Kati ya hizo, shilingi 1,240,000 zilikwenda kwenye maturubai, fulana, muziki na chakula cha siku ya uzinduzi. Shilingi 660,000 zilikwenda kwenye viriba, samadi na usafiri. Kwa kumwagilia, sifuri. Kwa uzio wa kuzuia mbuzi, sifuri. Miti 79 iliyokufa haikuuawa na rangi. Imeuawa na kiangazi, mbuzi na mafyekeo. Tuliotia saini hundi zile ni sisi kamati, na baadhi yetu fulana zile bado tunazivaa. Hasara ile ni yetu, na tunaomba iandikwe hivyo.

Ingekuwa ni hayo tu, tungewaombeni radhi na kukaa. Lakini kuna jambo lililotufanya tuombe nafasi usiku huu. Mti wa Bibi umezeeka. Mwaka jana tawi liliangukia jiko lake na kuvunja bati. Mizizi imenyanyua msingi wa ukuta, kama ilivyo tabia ya mti huu ukipandwa karibu na nyumba. Wanawe wanataka kuukata wajenge chumba. Tulipokwenda kumwomba asiukate, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Wanangu, ninyi mnaliona ua. Mimi nalala chini ya tawi.”

Hatukuwa na jibu. Kwa miaka yote tumeusifu mti ule tukiwa barabarani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza unamgharimu nini mwenye ua. Tulirudi mara ya pili tukiwa na fundi na daftari. Bibi amekubali kusubiri hadi mwisho wa mwaka huu. Baada ya hapo mti utakatwa, na sisi hatutampinga. Ni wa njano pekee tunaoujua pale mjini. Usipobebeshwa kabla ya hapo, rangi hiyo itaondoka nao.

Kazi yenyewe iko hivi. Kikundi cha vijana wetu, watoto wa wabebeshaji machungwa, tayari wameotesha mikrismasi ya kawaida tangu Februari. Mashina yake yanakaribia unene wa penseli. Mti wa Bibi utakapopukutisha majani, kabla vichipukizi havijafunguka, watakata vikonyo vyake, watavichonga, watavipachika kwenye mashina yale na kufunga kwa ukanda wa nailoni, kama wanavyofanya kwenye mchungwa. Vingine havitashika, kwa hiyo watabebesha zaidi ya tunavyohitaji. Vitakavyoshika vitakaa kitaluni chini ya kivuli hadi masika ya mwaka ujao, ndipo vitatoka kwenda njiani. Mti uliobebeshwa huchanua mapema kuliko wa mbegu, kwa sababu kikonyo kimetoka kwenye mti uliokwisha kukomaa.

Safari hii tutapanda miti 60 tu, thelathini kila upande, kwa nafasi ya mita 12 kati ya mti na mti. Mkrismasi hutanua matawi kama mwavuli, na matawi yake ni mepesi kuvunjika. Hatutaupanda chini ya nyaya za umeme, wala chini ya mita 10 kutoka darasa au nyumba ya mtu. Bibi ametufundisha hilo kwa bati lake.

Mmoja wetu alipendekeza tuongeze na kifabakazi cha njano, ambacho nacho ni adimu na kizuri sana. Tumekataa, na tunaomba mtuunge mkono. Mbegu za kifabakazi ni nyepesi, zinapeperushwa na upepo, na katika visiwa vya Pasifiki mti huo umeenea hadi kuwa balaa. Sisi tunaishi chini ya milima ya Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na kuleta miti ya kila namna. Msizi uliopandwa huko ulitoka shambani ukaingia ndani ya msitu wa asili. Mti wa kigeni una mahali pake, na mahali pake ni mjini, si kando ya msitu. Kwa atakayetaka rangi nyingine nyumbani kwake, tunashauri franjipani, ule mti unaotoa utomvu mweupe ukiuvunja. Upo mweupe, wa njano, wa waridi na mwekundu. Kata tawi la mti unaoupenda, liache kivulini wiki moja au mbili kidonda kikauke, kisha lichomeke ardhini. Utapata rangi ileile, na haitakugharimu kitu.

Bajeti tunayoileta mbele yenu ni hii. Kitalu, viriba, samadi na kivuli: shilingi 400,000. Posho ya wabebeshaji: shilingi 300,000. Kukarabati paa la jiko la Bibi na kupunguza matawi ya hatari wakati tunasubiri: shilingi 650,000. Uzio wa miti 60, kila mmoja shilingi 15,000: shilingi 900,000. Mmwagiliaji, miezi mitano ya ukame kila mwaka kwa miaka miwili, shilingi 60,000 kwa mwezi: shilingi 600,000. Jumla ni shilingi 2,850,000. Maturubai hayamo. Fulana hazimo. Siku ya kupanda tutakula muhogo na chai, na kila mtu atakuja na jembe lake.

Wapo watakaouliza kama ni sahihi kutoa fedha kwa maua wakati zahanati inahitaji vitanda. Swali hilo ni la haki, na ndiyo maana fungu hili lina bahasha yake. Hatutagusa hata senti ya zahanati. Anayetaka kutoa kwa vitanda peke yake, atoe kwa moyo mkunjufu. Lakini watoto wanaotembea njia ile saa saba mchana wanahitaji kivuli, na kivuli kitapatikana mti ukiwa wa njano au mwekundu. Njano ni ile ziada ambayo mtu huipa nyumba yake ili ajue ni yake.

Ile miti 41 iliyobaki itatunzwa palepale ilipo. Haikutukosea kitu. Ilitoa rangi iliyokuwa nayo.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Sisi tumecheza vibaya mara moja, tena kwetu, na bado mmetuachia uwanja. Kwenye meza ya mlangoni kuna daftari mbili: ya ahadi na ya fedha taslimu. Kabla ya harambee ya mwakani mtaletewa hesabu ya kila kikonyo kilichoshika na kila kilichokufa. Na bati la Bibi litapigwa kwanza, kabla ya kisu kugusa tawi.