Kufunga Mitambo ya Majengo Dhidi ya Tetemeko



Tarehe 10 Septemba 2016 Mkoa wa Kagera ulipatwa na tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, mamia ya nyumba yaliporomoka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya.

Kwa wajenzi wa Bukoba na Muleba, kuimarisha kuta ni nusu ya kazi. Tangi la lita 1,000 likijaa maji lina uzito wa tani moja, likiporomoka huua. Kabati la umeme likianguka huweza kuzua moto. Na zahanati ikikosa maji na taa siku majeruhi wanapofikishwa, kusimama kwa kuta zake hakuwafai kitu.

Gharama ya kinga huwa ndogo ikipangwa mapema. Kwanza, mhandisi aonyeshe katika ramani kila kifaa kizito na mahali pa kukifungia, kabla zege halijamwagwa. Kutoboa na kubomoa baadaye ni ghali zaidi. Pili, mabomba yanayofuata njia moja yashikwe kwa fremu moja ya chuma. Tatu, boliti ziingie katika zege au nguzo, si katika lipu wala mbao za dari.

Penye uhaba wa fedha, kitangulie kile kiwezacho kuua au kuwasha moto, kisha kile kinachoendesha hospitali, viyoyozi vingoje.

Tetemeko halipigi hodi. Shime, hadhari kabla ya hatari.