Mche wa Mninga na Muda wa Tasnifu



Jioni hii naomba nizungumzie kijiti kikavu.

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wangu mmoja aliamua kuotesha mninga kwa ajili ya tasnifu yake. Anayelijua tunda la mninga anajua kazi iliyomkabili: ni la duara, pembeni lina utando mwembamba kama karatasi, katikati limejaa miiba migumu kama mgongo wa nungunungu, na mbegu imejificha humo. Alikata moja baada ya jingine kwa mkasi mpaka vidole vikatoka malengelenge. Mbegu zikaota kwenye viriba, miche ikatoa majani. Kiangazi kilipoingia majani yakapukutika, vishina vikakauka hadi kwenye udongo. Alinijia machozi yakimlengalenga: “Mwalimu, imekufa yote.”

Tukaenda kitaluni, tukachana kiriba kimoja kwa wembe. Chini ya kile kijiti tulikuta mzizi mnene kama karoti, mbichi kabisa. Mninga ndivyo ulivyo. Katika misitu ya miombo hufa juu kila kiangazi na kuchipua mvua zikirudi, miaka nenda miaka rudi, huku ukiweka akiba mizizini, hadi upate nguvu ya kurefuka kwa mkupuo na kuupita moto wa nyasi.

Sasa utafiti wa tasnifu wa miezi tisa utauonaje mti wa namna hii?

Matokeo yake yanaonekana hata sokoni: pitia vitalu vya kando ya barabara mijini. Utakuta ashoki yenye asili ya India, mkrismasi wa Madagaska, jakaranda ya Amerika ya Kusini. Siwalaumu wauza miche. Wanauza kinachoota upesi, na ambacho namna ya kukiotesha imeshajulikana. Na ujuzi huo huja kwa subira: tazameni ua la Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Wakulima wa maua wa huko wakakaa nalo kizazi baada ya kizazi, wakajua kuwa hata jani moja likichomekwa kwenye udongo hutoa mche. Leo linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani, na hapa kwetu wengi hawalijui hata kwa sura.

Ninachokiomba ni tasnifu zinazorithishana. Anayehitimu amkabidhi anayeingia miche, vipimo na daftari la kitalu, lenye makosa yake yote, maana bustani ya mimea yetu ya asili, isiyodai mpira wa maji kila jioni, haitafitiwi kwa mwaka mmoja.

Miche ya yule mwanafunzi wa kwanza tuliihamishia ardhini. Inatunzwa sasa na mwanafunzi wa tatu. Wiki iliyopita alipima machipukizi, akaandika tarehe, na kando ya mche namba saba, ambao bado ni kijiti, akaandika: “Usiung’oe.”