Winam, Thimlich na Maneno Magumu ya Kiingereza



Daftari hili nimeazimwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu anayesoma Migori. Kila ukurasa ameupiga mstari katikati: kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake. Hukariri maneno kumi kila alfajiri kabla ya kengele. Nilipomwuliza maana ya "eutrophication", aliitaja bila kukwama. Nikamwuliza ameiona wapi. Akanyamaza. Naye kwao ni Homa Bay, kwenye Ghuba ya Winam, ambako maji hugeuka kijani kama mboga iliyopondwa na magugumaji huziba njia ya mitumbwi!

Kimya kile kiliniuma. Neno lenyewe ni la asili ya Kigiriki: "eu" ni vizuri, "trophe" ni lishe. Ni maji yaliyolishwa yakavimbiwa. Mbolea ya mashambani na maji taka ya mijini huingia ziwani, mwani hushiba na kuzaana, kisha hufa na kuoza, na kuoza huko hula oksijeni hata samaki wakakosa pumzi. Mtoto wa mvuvi amelishuhudia jambo hili kabla ya kulisoma.

Tena kazi ya kupasua neno anaijua. Winam, kwa Kijaluo: "wi" ni kichwa, "nam" ni ziwa. Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe za hapo Migori zilizoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, zimejengwa bila udongo wala saruji, na jina lake nalo hupasuka: "thim" ni pori, "lich" ni la kutisha. Mwalimu anayemwadhibu mtoto kwa kusema Kijaluo anamnyima zana ileile ya kufungulia Kiingereza.

Kamusi peke yake haitoshi. Ukitafuta "proconsul" utaambiwa ni gavana wa jimbo la dola ya Kirumi. Lakini mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, mtafiti wa visukuku Mary Leakey alipata fuvu la kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita, na likaitwa Proconsul. Jina hilo mtaalamu wa visukuku Hopwood alikuwa amelitunga mwaka 1933. Consul alikuwa sokwe mashuhuri wa maonyesho huko Uingereza. "Pro" ni kabla. Basi ni yule aliyemtangulia Consul. Aliyekariri "gavana" tu atasimama mbele ya fuvu la nyumbani kwao asijue liliitwaje, wala kwa nini.

Nilimwomba kijana yule aongeze safu ya tatu: neno hili nimeliona wapi. Safu nyingi bado ni tupu. Mbele ya "eutrophication" ameandika kwa kalamu ya risasi: "Ufuoni kwetu, siku baba aliposhindwa kutoa mtumbwi."